Kamera ninayo, laptopu ninayo: niziunganishe kwa programu ipi?

Assalaam alaikum, mzee.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Bombo. Sisi ni Wanubi, na babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza enzi za ukoloni. Alipofariki, bibi alinikabidhi sanduku lake la bati. Ndani mna barua, cheti cha kumaliza utumishi jeshini, risiti za kodi, kitabu cha pensheni na picha nyingi, nyingine zimeanza kugandana. Nilipoanza kuzihifadhi kwenye kompyuta majirani wakasikia, na kumbe kila nyumba ina sanduku lake. Sasa wananiletea wote, wanataka nakala kabla mchwa hawajamaliza. Mwaka 2019 nilikwenda Makumbusho ya Uganda kuona maonyesho ya picha za UBC, shirika la utangazaji la Uganda, zile zilizotokana na hasi (filamu) za zamani, na tangu hapo sikubali kwamba vitu vya wazee wetu viozee chini ya vitanda.

Skana ya dukani mwisho wake ni A4, tena ni ya polepole. Vyeti vingi ni vikubwa kuliko hapo, vimekunjwa miaka na miaka, na nikivibana chini ya kifuniko vinapasuka. Nikanunua kamera iliyotumika, Canon EOS 600D, pamoja na lenzi mbili: ile ya 18-55 na nyingine ya 50 mm f/1.8. Seremala akanitengenezea mkono wa mbao unaoishika kamera ikitazama chini mezani.

Shida ni hii. Kila nikibonyeza kitufe mkono wa mbao unatikisika na maandishi yanatoka na ukungu. Kioo cha nyuma ya kamera kinageuka, lakini ni kidogo; siwezi kujua kama herufi zimekaa sawa mpaka jioni nikihamishia picha kwenye laptopu, na hapo nakuta nyingi hazifai na mwenye karatasi zake ameshaondoka nazo. Majina ya faili nayo ni IMG hii, IMG ile, sijui ipi ni ya nyumba ipi.

Nimesikia kamera inaweza kuendeshwa kutoka kwenye kompyuta. Nikauliza watu, na kila mtu ana lake. Mpiga picha wa harusi wa Wobulenzi anasema bila Lightroom au Capture One hakuna kazi, na zote mbili ni za pesa. Mtoto wa shangazi anayesoma kompyuta Makerere anasema nifute Windows niweke Linux, huko kila kitu bure. Duka moja Kampala limeniuzia flashi yenye Capture One “iliyofunguliwa”, wanasema haihitaji leseni. Na kaka yangu anasema niiuze kamera, nitumie simu.

Laptopu yangu ni ya Windows 10 yenye RAM ya 4 GB, na ndiyo hiyo hiyo inayochapa kazi za wateja. Umeme unakatika, na bando nalinunua kwa kupimapima. Nichague ipi, mzee? Na hasi nazo, zinaweza kupigwa kwa njia hiyo?

Mjukuu wa askari, Bombo

JIBU

Waalaikum salaam, binti yangu.

Tumia EOS Utility, ya Canon wenyewe. Ni ya bure, inaifahamu 600D yako, na haina uzito wa kuielemea laptopu ya 4 GB. Ikikushinda kwenye mambo ya majina ya faili, jaribu digiCamControl, ambayo nayo ni ya bure. Hizo nyingine ziache kwa sasa. Nitakueleza sababu, maana kesho atakuja mtu mwingine dukani na programu ya tano, na ni vizuri uwe na kipimo chako mwenyewe.

Hao waliokushauri, kila mmoja amekutajia kile anachokitumia yeye. Hakuna aliyeanza kwa kukuuliza kamera yako ni ipi. Kamera ikichomekwa kwenye kompyuta huzungumza nayo kwa utaratibu unaoitwa PTP. Utaratibu huo ni wa wote, ndiyo maana Windows inaweza kuhamisha picha kutoka kwenye kamera karibu yoyote. Lakini kubadili tundu la lenzi ukiwa mbali, kuona kwenye skrini kile lenzi inachokiona, kusogeza fokasi bila kuigusa lenzi, hayo kila kampuni imeyaongeza kwa namna yake. Hata ndani ya kampuni moja, kamera hii inatii na ile inakataa. Wenye Nikon wanalijua hili vizuri. Kamera zao za bei nafuu za kundi la D3000 hazikuingizwa kwenye Camera Control Pro 2, programu ambayo Nikon waliiuza kwa miaka mingi kabla ya kutoa NX Tether ya bure mwaka 2021. Mtu alikuwa anaweza kulipia programu halali kabisa, akaja nayo nyumbani, na kamera yake isitii. Sony wana Imaging Edge Desktop, Fujifilm wana X Acquire, zote hazilipiwi, lakini kila moja ni kwa kamera za kwao tu na si kamera zao zote. Kwa hiyo mtu akikutajia programu, tafuta kwanza orodha ya kamera inazozikubali, uione yako kwa jina lake kamili. Usipoiona, bando lako lisimalizikie hapo.

Kompyuta ndiyo kipimo kinachofuata. Lightroom Classic na Capture One zote zinataka RAM isiyopungua 8 GB. Yako ina nusu. Hata ukizilipia, utakaa unasubiri kila picha ifunguke huku mteja wa fotokopi amesimama mlangoni. Huyo mpiga picha wa harusi hakukudanganya kuhusu ubora wake. Kwenye studio ambako mteja anatazama skrini kubwa na rangi zinarekebishwa papo hapo, Capture One inafanya kazi nzuri sana, na lipo hata toleo lake la makumbusho na maktaba. Ila wewe hupigi mavazi wala nyuso. Unapiga karatasi iliyolala mezani, kwa mwanga usiobadilika, karatasi moja baada ya nyingine. Unachohitaji ni mambo manne tu: uone kwa ukubwa kabla ya kupiga, upige bila kugusa kamera, faili litue kwenye laptopu likiwa na jina unalolitaka, na nakala ibaki kwenye kadi. Hayo yote EOS Utility inayafanya.

Kuhusu ile flashi, naomba unisikilize. Usiichomeke. Programu iliyovunjwa leseni imepitia mikononi mwa mtu usiyemjua, na aliyeifungua ndiye pekee anayejua alichokiongeza ndani. Mara nyingi maelekezo yake yanaanza kwa kukuambia uzime antivirus. Laptopu yako ina vitambulisho na barua za wateja, na sasa inaingia nyaraka ambazo hazina nakala nyingine duniani. Windows 10 yenyewe iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukuta wake umeshapungua nguvu. Kirusi kinachofunga mafaili kikiingia humo, utawaambia nini wazee waliokuamini? Na hata kama ingekuwa safi, tumeshaona kwamba laptopu haiiwezi.

Basi tuingie kazini. EOS Utility inapakuliwa kwenye tovuti ya Canon. Tafuta EOS 600D, ingia sehemu ya programu, na ukiulizwa namba ya kamera, iko chini ya kamera yenyewe, imeandikwa kwenye kitako chake. Usipakue kutoka tovuti nyingine yoyote hata kama inaonekana rahisi zaidi. Nenda mahali penye Wi-Fi ya uhakika, upakue mara moja, uhifadhi hilo faili la kusakinishia kwenye diski yako ili siku laptopu ikifutwa usinunue bando tena. Usishangae ukiona inasakinisha namba 2 na namba 3 pamoja. Namba 3 ni ya kamera mpya, 600D ni ya mwaka 2011 na inatumia ile ya 2. Programu itaitambua kamera na kuchagua yenyewe.

Kamera yako haina Wi-Fi, kwa hiyo ni waya. Tafuta waya wa USB wenye kichwa cha mini, kile cha zamani kilichonenepa kidogo kuliko cha simu za micro. Uujaribu palepale dukani kama unahamisha picha, kwa sababu kuna waya za chaji tu ambazo hazipitishi data, na mtu huweza kuhangaika siku nzima akidhani programu ndiyo mbovu. Usizidishe mita 5. Huo ndio mwisho wa USB 2.0 kwa waya wa kawaida, na kwa meza yako mita 2 zinatosha. Rafiki zako wenye Canon zenye Wi-Fi waambie jambo moja: kwenye nyingi kati ya hizo, Wi-Fi ikiwa imewashwa kwenye menyu, waya wa USB haufanyi kazi. Wengi hukata tamaa hapo.

Kabla ya kuchomeka, weka gurudumu la kamera kwenye M, ambako mipangilio unaiweka mwenyewe, zima ile hali ya kamera kujizima yenyewe, na kwenye Windows funga programu yoyote inayojitokeza ikitaka kuhamisha picha. Kamera inashikwa na programu moja kwa wakati mmoja. Ukiwa umesakinisha EOS Utility na digiCamControl zote, usizifungue pamoja, zitagombania kamera na zote mbili zitasema haionekani.

Ukishafungua sehemu ya kuendesha kamera, washa Live View, yaani kuona kwenye skrini ya laptopu kile lenzi inachokiona, na hapo ndipo utakapoona faida ya kazi yote hii. Kwanza chukua kioo kidogo cha kawaida, kisicho na fremu, ukilaze mezani pale karatasi inapokaa. Weka fokasi kwenye taswira ya kioo mpaka uione lenzi yenyewe kwenye skrini ya laptopu. Ikiwa jicho la lenzi limekaa katikati kabisa ya picha, kamera na meza vimelingana. Likiwa limesogea pembeni, mkono wa mbao umelala upande, na ndiyo maana herufi za kona moja zinakuwa safi na za kona nyingine zina ukungu. Weka kabari ya karatasi ngumu kwenye mkono, sogeza kidogo kidogo huku unatazama skrini, mpaka lenzi ijitazame katikati. Fanya hivyo kila asubuhi na kila mkono ukiguswa. Nashuku nusu ya ukungu unaoulalamikia hautokani na kutikisika, unatokana na hili.

Kisha ondoa kioo, weka karatasi. Kwenye dirisha la Live View unaweza kukuza sehemu moja mara kadhaa. Kuza mhuri au saini, kitu chenye mistari myembamba, halafu sogeza fokasi kwa vile vishale vya kwenye skrini mpaka wino ukae sawa. Vishale hivyo vinafanya kazi swichi ya lenzi ikiwa kwenye AF (fokasi ya mashine). Ukiiweka MF (fokasi ya mkono) vitakataa, na hapo utazungusha kwa mkono. Ukishapata fokasi, usiiguse tena mpaka ubadilishe ukubwa wa karatasi. Ule mtikisiko nao utapungua sana, maana kidole chako kiko kwenye laptopu, na wakati wa Live View kile kioo cha ndani ya kamera kinachoruka kila ukipiga kinakuwa kimeshainuliwa.

Kwa mipangilio, anza na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga) na tundu la lenzi la f/8, halafu kasi ya kufyatua utaipata kwa kujaribu. Hata ikiwa ya polepole, kama 1/15 ya sekunde, si neno, kwa kuwa hakuna mkono unaogusa. Kwanza hiyo polepole ina msaada wake: taa nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa kwa kufuata umeme wetu wa 50 Hz, na kasi kubwa inaacha mistari myeusi kwenye picha. Weka taa mbili za aina moja, moja kila upande, zikipiga karatasi kwa pembe ya digrii 45, na uzime taa ya dari na flashi ya kamera. Picha za zamani zinazong'aa zitakuonyesha haraka taa ikiwa imekaa vibaya, na utaona kwenye skrini kabla ya kupiga.

Lenzi ya 50 mm itakufaa kwa karatasi kubwa. Kwa A4 kamera itakaa kama sentimita 77 juu ya meza, kwa A3 mita moja na kidogo. Picha ya 600D ina upana wa nukta 5184. Ukiijaza kwa A3 unapata kama nukta 300 kwa inchi, kiwango kizuri cha kusoma na kuchapisha tena, na kwa A4 unavuka 400. Kwa picha ndogo za pasipoti rudi kwenye ile lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka 55. Watu wanaidharau kwa kuwa huja na kamera, lakini inakaribia kitu zaidi kuliko 50 mm yako.

Sasa majina, jambo ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote haya. Kwenye mipangilio ya EOS Utility unachagua folda ya kuhifadhia na neno la kuanzia jina la faili, namba inafuata yenyewe. Kila nyumba ipe namba yake na kila sanduku namba yake. Karatasi ya kumi na mbili ya sanduku la kwanza la nyumba ya kumi itasomeka N10-S1-0012. Usiandike majina ya watu kwenye jina la faili. Yaandike kwenye daftari au Excel: nani, barua ya nani kwenda kwa nani, nyuma ya picha pameandikwa nini, nani aliyekueleza. Na nyuma ya picha nako kupigwe. Ukibadilisha nyumba, badilisha neno la kuanzia kabla hujafungua sanduku linalofuata. EOS Utility inakulazimisha uingie kwenye mipangilio kufanya hivyo, na hapa ndipo digiCamControl inapoizidi: ina vipindi vya kazi ambavyo kila kimoja kina folda yake na kanuni yake ya majina, unahama kwa kubofya. Ni ya Windows tu, ni ya chanzo huria, na inakuwezesha hata kufyatua kwa simu kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Ukiona nyumba zimekuwa nyingi, ijaribu siku ambayo huna mteja, kwanza na magazeti ya zamani, siyo na cheti cha mtu.

Washa pia kile kipengele kinachohifadhi picha kwenye kadi na kwenye kompyuta kwa pamoja. Umeme ukikatika laptopu itaendelea kwa betri yake, na hata ikizima ghafla kadi bado inayo. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na JPEG, ile picha ya kawaida, pamoja. Kwa 600D hizo mbili ni kama MB 31 kwa karatasi moja, karatasi elfu moja ni karibu GB 31, kwa hiyo nunua diski ya nje mapema. Nunua mbili, moja isilale dukani. Usisubiri wiki iishe ndipo unakili, fanya kila jioni kabla hujafuta kadi.

Betri ya 600D, ile LP-E8, haichajiwi na waya wa USB, na Live View inaimaliza upesi. Uwe na ya pili inayochajiwa wakati ya kwanza inafanya kazi, na uzime Live View unapokunjua karatasi au unapozungumza na mwenye nazo. Zipo betri bandia zinazochomekwa ukutani, lakini mahali penye kukatika umeme kamera itazima nayo katikati ya kuandika faili. Betri halisi mbili zinakufaa zaidi.

Mtoto wa shangazi ana haki yake. Kwenye Linux ipo gphoto2, ambayo chini yake kuna hazina inayotambua kamera zaidi ya 2,000, 600D ikiwamo. Unaandika gphoto2 --auto-detect, kamera inajitokeza. Unaandika gphoto2 --capture-image-and-download, inapiga na faili linakuja. Asiyependa kuandika amri anatumia Entangle au darktable, zote za bure. Nimeona watu wanaifanyia kazi kubwa na naiheshimu. Lakini kufuta Windows kwenye laptopu ambayo ndiyo inayokulisha, katikati ya kazi za wateja, sikushauri. Mwambie akutafutie laptopu nzee iliyotupwa, aiwekee Linux, akae nawe mpaka umezoea. Kazi kama hiyo inamfaa yeye kama inavyokufaa wewe, na mkono wa pili mezani una thamani. Akikutana na ujumbe kwamba kamera haikushikika, kwa kawaida kile kidirisha cha mafaili cha Linux kimeshaifungua. Aitoe pale kwanza.

Kaka yako na simu yake: simu ni nzuri kwa siku ambayo mzee wa kijiji cha mbali anakuonyesha barua na hakuruhusu iondoke. Piga, shukuru, andika maelezo. Lakini simu inanoa na kulainisha picha yenyewe bila kukuuliza, na kwenye wino uliofifia inaweza kufuta hasa kile unachokitafuta. Kamera usiiuze.

Kabla ya kugusa sanduku la mtu, mwandikishe ridhaa. Nyaraka hizi zina namba za pensheni, magonjwa, ugomvi wa ardhi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria kuna ujirani. Muulize kila mwenye sanduku nini kinaweza kuonekana na wengine na nini kibaki kwake, na uandike jibu lake kwenye daftari lile lile, mbele ya namba ya sanduku.

Hasi, ndiyo, zinapigwa kwa kamera hiyo hiyo na programu hiyo hiyo, lakini ziweke mwisho. Hasi ya milimita 35 ni ndogo mno kwa lenzi zako. 50 mm yako haiwezi kukaribia vya kutosha, na hata 18-55 itakuachia ukingo mkubwa mtupu. Utahitaji pete za kurefusha lenzi, zile zinazokaa kati ya lenzi na kamera, au lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, pamoja na ubao wa LED unaotoa mwanga sawa kutokea chini. Ubao mdogo wa kuchorea unaweza kufaa ukiinua hasi kidogo juu yake ili nukta za ubao zisionekane. Funika sehemu yote inayozunguka hasi kwa karatasi nyeusi. Upande unaong'aa uelekee lenzi, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Kugeuza rangi utafanya kwenye darktable, ina kifaa chake kiitwacho negadoctor, nayo inafanya kazi hata kwenye Windows. Hasi za UBC ulizoziona matunda yake zilikuwa takriban 70,000, na kazi hiyo ilianza 2018 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan na cha Western Australia. Za kwenu mtazimaliza bila chuo. Wakati unasubiri pete, zitoe kwenye mifuko ya plastiki inayonata, uzitie kwenye bahasha za karatasi kavu, kila bahasha na namba ya sanduku ilikotoka, na zile zilizogandana usizibandue.